Timu yangu ya bweni inapoteza mpira kila ikibanwa: nianze na mfumo upi?

“Nafundisha hisabati katika shule ndogo ya bweni, na muhula huu nimekabidhiwa timu ya mpira wa kikapu ya wavulana wa miaka 13 hadi 16. Nilicheza kidogo chuoni lakini sijawahi kufundisha. Nina wachezaji 11, mipira minne, uwanja wa saruji wenye magoli mawili, na dakika 90 za mazoezi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mechi ya kwanza tulifungwa 58–19. Wapinzani walitukaba uwanja mzima tangu mwanzo, na mwanafunzi aliyekuwa akiandika alihesabu kwamba tulipoteza mpira mara 41 kabla hata ya kurusha. Mechi ilipoisha niliwakimbiza mizunguko 20 ya uwanja. Nimepata michoro ya mifumo sita ya mashambulizi. Pia nafikiria kuwaamsha saa kumi na nusu alfajiri, siku nne kwa wiki, wakimbie kilomita tano, maana walionekana kuchoka sana. Taa za bweni huzimwa saa nne na nusu usiku. Ninaye kijana mmoja mrefu lakini mzito. Namweka chini ya goli na simruhusu kushika mpira kwingineko. Marudiano ni baada ya wiki sita. Nianze na mfumo upi?”

Mwalimu, umefanya jambo ambalo makocha wengi wapya hawalifanyi: uliweka mtu wa kuhesabu. Ile 41 ndiyo habari yenye thamani kuliko zote ulizoniandikia, na ndiyo inayonifanya nikuambie uiweke kando ile michoro sita. Mfumo wa mashambulizi huanza kufanya kazi timu ikishauvusha mpira nusu ya uwanja na kutulia. Vijana wako hawajafika huko bado.

Tupige hesabu kidogo. Katika robo nne za dakika 10, tuchukulie kila timu ilipata zamu 75 za kushambulia. Mlipoteza 41, zikabaki 34, nazo zikawapa pointi 19, yaani 0.56 kwa kila zamu. Mkipunguza upotevu hadi mara 25, mtapata zamu 16 zaidi za kurusha, na kwa ulengaji uleule wa sasa hizo ni pointi 9. Upande wa pili, mpira ulionyang'anywa karibu na goli lenu huishia mara nyingi kwenye kikapu cha bure. Hata tukisema kila mpira wa namna hiyo huzaa pointi moja tu, wapinzani wamepungukiwa na 16. Pengo la pointi 39 limekuwa 14, na hamjajifunza mfumo hata mmoja. Ni makadirio, lakini yanaonyesha kazi ilipo. Kwa hiyo lengo la wiki sita liwe hili: kupoteza mpira chini ya mara 25. Waambie vijana namba hiyo waziwazi, na yule mwandishi wako aendelee na kazi yake hata mazoezini.

Sasa, kwa nini mpira unapotea? Mtazame mchezaji mchanga anapobanwa. Anapokea pasi akiwa amesimama wima na mgongo umeelekea kule anakotakiwa kwenda. Kabla hajaangalia, anaanza kudunda. Kichwa chini, anakimbilia pembeni kwa kuwa ndiko anakoona nafasi, na huko mstari wa pembeni unakuwa mkabaji mwingine. Anakuja mpinzani wa pili. Kijana anaushika mpira, anawageuzia mgongo ili auokoe, kisha anarusha pasi ya juu inayoelea, na mtu wa tatu anaisubiri kama embe lililoiva. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayotibiwa na pumzi. Isitoshe, uchovu uliouona ulitokana kwa sehemu kubwa na upotevu wenyewe: kila mpira ulioibiwa uliwalazimisha kugeuka na kukimbia kwa kasi kurudi nyuma, na hilo lilitokea mara 41.

Ndiyo maana nakuomba uache wazo la alfajiri. Kikapu ni mchezo wa mbio fupi za kasi, kusimama, kugeuka, kuruka, kisha kupumua kidogo. Kilomita tano za mwendo mmoja zinajenga kitu kingine. Na gharama yake ni usingizi: kutoka saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri ni saa 6, ilhali mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kijana asiyelala hujifunza polepole, huumia kwa urahisi, na atasinzia hata kwenye kipindi chako cha hisabati. Ukitaka wawe na pumzi, michezo midogo ya watatu kwa watatu yenye vipindi vya dakika 4 na mapumziko ya dakika moja na nusu itawapa, huku mpira ukiwa mikononi.

Na ile mizunguko 20, niruhusu niseme bila kuzunguka: usiirudie. Kama uwanja wako una vipimo kamili vya mita 28 kwa 15, hiyo ni karibu kilomita moja na robo tatu juu ya miguu iliyokwisha kucheza mechi. Haikumfundisha yeyote kushika mpira, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kijana aliyeadhibiwa kwa kupoteza mpira hujificha ili asipewe. Timu inayobanwa inahitaji kinyume chake kabisa, watu wanaojitokeza kuuomba.

Una saa 27 za mazoezi kabla ya marudiano. Swali la kujiuliza kila zoezi ni: kila kijana atagusa mpira mara ngapi? Chukua foleni moja ya kurusha chini ya goli kwa mpira mmoja. Kila zamu huchukua kama sekunde 6, kwa hiyo katika dakika 10 kuna mirusho 100, na kila mmoja wa wachezaji 11 anapata 9. Muda uliobaki anasimama na kupiga soga. Sasa tumia magoli yote mawili, mipira miwili kwa kila goli, mmoja ukianzia kulia na mwingine kushoto, na anayerusha auokote mwenyewe. Mkifikia mrusho mmoja kila sekunde 3 kwa kila goli, ni mirusho 400, yaani 36 kwa kila kijana. Muda ni uleule na mipira ni ileile. Foleni ndiyo adui mkubwa wa timu ndogo, kuliko uhaba wa vifaa.

Wiki mbili za kwanza zitumie kufundisha kusimama. Najua inasikika kama jambo la watoto, lakini hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote. Kijana aende kasi hatua nne tano, aruke kidogo, atue kwa miguu yote miwili kwa mpigo mmoja: magoti yamekunjwa, makalio chini, miguu imepanuka kuliko mabega, mpira kifuani, viwiko nje. Akitua hivyo anaweza kuchagua mguu wowote kuwa mhimili. Kisha azunguke mbele na nyuma juu ya mhimili huo bila kuuinua wala kuuburuza. Kosa la kawaida ni kunyoosha magoti wakati wa kuzunguka. Mwili ukipanda, mizani inapotea, na mguu wa mhimili unateleza. Kosa la pili ni kuuinua mguu huo kabla mpira haujatoka mkononi anapoanza kudunda, na mwamuzi atapiga filimbi ya kutembea na mpira. Mpe kila kijana mizunguko 20 kwa kila mguu, kisha mlete mwenzake amsumbue kwa mikono. Asiyezoea mikono usoni atashtuka siku ya mechi.

Halafu wachezeshe watatu kwa watatu bila kudunda kabisa. Kwa wachezaji 11, goli moja liwe na watatu kwa watatu, goli lingine watatu washambulie wawili wakabe, na mbadilishane kila dakika 4. Pasi sita mfululizo ni pointi 1, kikapu ni pointi 2. Dakika za mwanzo zitakuwa vurugu tupu, usikatize. Wataanza wenyewe kugundua kwamba asiyehama hapati pasi, na kwamba mwenye mpira akisimama imara ana muda mrefu kuliko alivyodhani. Hata mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo: James Naismith alipoubuni Desemba 1891 kwa ajili ya darasa lake la wanafunzi 18 huko Springfield, Massachusetts, kanuni zake 13 hazikuruhusu mtu kukimbia na mpira, ilibidi aurushe kutoka pale alipoudakia. Wiki ya pili ruhusu kudunda mara moja, ya tatu mara mbili.

Wiki ya tatu ndipo mnaanza kuivunja ile presi, yaani ule ukabaji wa uwanja mzima. Mpangilio ni mmoja tu, na kila mtu aujue. Mkifungwa, mtu wa kuingiza mpira auchukue haraka kabla wapinzani hawajajipanga. Asisimame nyuma ya ubao, kwa sababu ubao utazuia pasi yake. Asogee kando hatua mbili tatu. Ana sekunde 5. Baada ya kufungwa kikapu anaruhusiwa kukimbia kando ya mstari wa mwisho akitafuta nafasi, lakini mpira ukiwa umetoka nje kwa kawaida haruhusiwi kuzurura. Anauingizia pale alipoonyeshwa na mwamuzi. Vijana wengi hawaijui tofauti hiyo, na huwagharimu.

Wapokeaji wawili waanzie karibu na mstari wa mitupo huru, mmoja kila upande. Wahadae kwa hatua moja ya kwenda mbali, kisha waufuate mpira. Anayepokea atue kwa miguu miwili, azunguke, aangalie mbele, na ahesabu kimoyomoyo moja, mbili, kabla ya kudunda. Hizo hesabu mbili ndizo dawa yenyewe. Asikubali kupokea kwenye pembe ya uwanja. Wakati huohuo aliyeingiza mpira anaingia ndani na kubaki mita 3 au 4 nyuma ya mwenye mpira, mshazari, awe mlango wa kurudia. Wa nne anasimama katikati ya uwanja na kusogea upande ulio na mpira. Wa tano yuko mbali mbele, upande wa pili, ili mkabaji mmoja alazimike kumfuata.

Sababu ya mpangilio huu ni rahisi. Wapinzani wawili wakimvamia mwenye mpira, wamebaki watatu kuwakaba wenzake wanne. Lazima mmoja awe huru, na karibu kila mara ni yule wa katikati au yule wa nyuma. Mwenye mpira aangalie katikati kwanza. Pasi ikizibwa, arudishe nyuma, na wa nyuma auhamishe upande wa pili kabla mtego haujafika. Akibanwa na wawili asiwageuzie mgongo. Apitishe mguu katikati yao kwa kuzunguka, mpira ukae chini karibu na goti, atoe pasi ya kudundisha sakafuni. Pasi ya juu inayoelea ipigwe marufuku. Kuna sekunde 8 za kuvusha mpira nusu ya uwanja, na kwa vijana watulivu hizo ni nyingi. Ila wakishavuka wasisimame palepale karibu na mstari wa pembeni: mstari wa kati sasa ni ukuta kwa sababu hawaruhusiwi kurudi, na timu zinazojua kubana huusubiria mpira kwenye kona hiyo hasa.

Fundisheni kwanza bila wakabaji, dakika 5. Kisha watano dhidi ya watatu, halafu watano dhidi ya wanne. Na hapa idadi yako ya 11 ni bahati: kuanzia wiki ya nne, wacheze watano dhidi ya sita. Kila mpira unaovuka salama ndani ya sekunde 8 ni pointi kwa walioshambulia, kila unaopotea ni pointi kwa wakabaji. Waliozoea kukabwa na sita wakikabwa na watano huona uwanja umepanuka.

Huyo kijana wako mrefu ndiye ningempa nafasi ya katikati. Anadaka juu ya vichwa vya watu, na kazi yake pale ni kudaka, kuzunguka na kutoa pasi, si kukimbia na mpira. Kumfungia chini ya goli ni kumnyima ufundi katika umri ambao hakuna ajuaye nani ataendelea kurefuka. Anaweza kuwa alibalehe mapema tu, na wenzake wakamfikia baada ya miaka miwili. Akibaki hajui kudunda, hatakuwa na mahali pa kucheza. Wote 11 wafanye mazoezi yaleyale.

Upande wa kukaba, mna chaguo mbili. Ukabaji wa eneo, wawili mbele na watatu nyuma, utapunguza mabao haraka, kwa sababu vijana wengi wa umri huu hawafungi kutoka mbali, na unaficha wazito. Ubaya wake ni kwamba unawafundisha kusimama wakiinua mikono, na rebaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mrusho kukosa, hupotea kwa kuwa hakuna mwenye mtu wa kumzuia. Mtu kwa mtu utawaumiza mwanzoni, lakini kila kijana anajifunza kukaa chini, kusogeza miguu na kuona mtu na mpira kwa pamoja. Mimi ningechagua mtu kwa mtu, nusu ya uwanja tu. Mkipoteza mpira wote warudi hadi ndani ya mstari wa pointi tatu kwanza, ndipo kila mmoja amtafute mtu wake. Nanyi msijaribu presi yenu muhula huu. Hamna wachezaji wa kuibadilishia.

Kurusha nitakugusia tu. Waanze mita moja na nusu kutoka kwenye kikapu, mkono mmoja, na wasirudi nyuma mpaka wafunge 7 kati ya 10. Anayerusha akianzia nyongani yuko mbali mno, au mpira ni mkubwa kwake. Mpira wa namba 7 ni wa wavulana wakubwa. Wadogo wenye miaka 13 wapewe namba 6 kwa mazoezi ya kurusha kama upo. Leiapu, yaani mirusho ya karibu kabisa na goli mtu akiwa mbioni, zifanywe kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto, na mitupo huru warushe wawili wawili wakiwa wamechoka, kama itakavyokuwa kwenye mechi.

Dakika 90 zako zigawe takriban hivi: 12 za kupasha mwili, 15 za kusimama na pasi, 15 za leiapu, 20 za michezo midogo, 20 za kuvunja presi, na 8 za mitupo huru na maneno machache. Siku ya mechi, katika robo mbili za kwanza kila kijana apate angalau dakika 5 mfululizo. Utapoteza pointi kadhaa, sikufichi. Lakini watano wakicheza peke yao dhidi ya presi, robo ya tatu miguu itakuwa imekwisha, na sita waliokaa benchi watakuwa wamejua kwamba mazoezi yao hayana maana.

Kwa miili yao, zile dakika 12 za mwanzo zisiwe kunyoosha viungo mkiwa mmekaa. Wafanye kukunja magoti, kusogea kando, kuruka na kutua kimya wakikaa sekunde 2 bila kuyumba, kwanza kwa miguu miwili kisha kwa mmoja. Tazama magoti wakati wa kutua: yakigongana ndani, mrekebishe, maana ndivyo kano zinazoshikilia mifupa ya goti zinavyokatika bila hata kuguswa na mtu. Ukija kukabidhiwa timu ya wasichana, hilo lizingatie zaidi, kwa sababu hatari kwao ni kubwa zaidi. Fagieni mchanga kwenye saruji kila siku. Na zungumza na jikoni, chakula cha wachezaji kihifadhiwe pale mazoezi yanapochelewa.

Mchezaji wa bweni huficha maumivu kwa hofu ya kupoteza namba, na mzazi hayupo kumwona akichechemea. Kwa hiyo mwombe mlezi wa bweni awe jicho lako. Maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya goti, hasa kwa kijana anayerefuka haraka, mara nyingi hutokana na msuli kuvuta mfupa ambao bado unakua. Punguza kuruka, na kama anachechemea apumzike na aonwe na mhudumu wa afya. Yapo mengine yasiyosubiri. Aliyezimia akiwa anakimbia, au aliyebanwa na kifua, asicheze tena mpaka daktari amchunguze moyo. Aliyegongwa kichwa akaona giza, akachanganyikiwa au kutapika atoke siku hiyohiyo na asirudi bila ruhusa ya daktari, hata akiapa kwamba yuko sawa. Aliyeteguka kifundo akashindwa kwenda hatua nne apigwe picha ya mfupa. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache liende hospitali, si kukandwa bwenini. Wewe mwenyewe usimkande mchezaji, na usikutane na mmoja faragha nyuma ya mlango uliofungwa.

Msaada mwingine wa ana kwa ana ambao ningeutafuta mapema ni wa watu wawili. Mwamuzi mmoja aje siku moja awaeleze kutembea na mpira, sekunde 5 za aliyebanwa akiwa ameushika, na faulo 5 zinazomtoa mtu. Na kocha mzoefu aje mwisho wa wiki ya tatu, akae pembeni atazame zoezi la kuvunja presi tu, kwani maandishi hayawezi kuona miguu ya vijana wako. Akishindwa kuja, weka simu juu ya meza nyuma ya goli, mrekodi dakika 10, umpelekee.

Wiki ya sita punguza mazoezi hadi dakika 60, watano dhidi ya sita mara mbili tu, na siku moja kabla ya mechi walale mapema. Mwandishi wako akae benchini na karatasi yenye mistari minne, mmoja kwa kila robo, na kila mpira unaopotea aandike ulipotea wapi: pembeni, kwenye pembe, katikati, au baada ya kuvuka. Kila mapumziko, hiyo ndiyo karatasi ya kuisoma kwanza.